Upande Wangu wa Teksi ya Marehemu

Jumatatu, 12 Mei

Nhyira ameingia sasa hivi kwenye ndoo ya maji ya sabuni, mzima mzima, na kiatu kimoja, akakaa humo akanitazama kama chifu aliyefika kwenye kigoda chake. Nimemtoa. Nimemkausha. Nimembusu kisigino. Sasa amelala mapajani, na mimi naandika juu ya mgongo wake. Mwaka mmoja na miezi mitatu. Meno manne. Mtu wangu mimi.

Habari mbaya kwanza. Mama mkwe aliingia jana kutoka kijijini kwao Shama na mfuko mmoja mtupu. Nikamuuliza mbona mfuko mtupu, akasema wa kubebea nguo za mtoto. Hivi hivi! Kwa sauti ya upole, anamenya majani ya kenkey, donge la mahindi la chakula cha mchana. Eti Jumapili anarudi na Nhyira kijijini, mpaka mimi nisimame vizuri. Eti mtoto halelewi kwenye matope ya magari ya watu. Mume wangu Ato yuko machimboni Tarkwa, simu yake ukiipigia inakuimbia tu nyimbo za kanisa. Nikajibu ndiyo Mama. Moyo ulisema hapana mara saba, mdomo ukasema ndiyo Mama. Mdomo huu!

Ila Mama aliongeza neno, na mimi nimelishika. Alisema mtu mwenye paa na bomba hana haja ya kusaidiwa.

Mimi naosha teksi hapa stendi, pembeni, juani, maji nabeba kichwani. Kibanda cha bomba kina paa. Kina sakafu ya saruji. Kona yake moja inatosha mkeka wa mtoto, nimeshaupima kwa macho. Kimekaa wazi tangu mwenyewe ahamie Kumasi.

Habari njema sasa. Jumamosi anazikwa Papa Bentsil, dereva wa kwanza kabisa wa stendi yetu, miaka themanini na nane. Teksi yake mwenyewe itatangulia msafara. Imepauka kama unga wa muhogo. Mwenyekiti wa madereva ametangaza atakayeing'arisha ndiye atapewa kibanda. Nikanyoosha mkono. Na nani mwingine akanyoosha? Kwamina Sackey, bila shaka. Anaosha ng'ambo ya barabara, anajiita Daktari wa Mng'aro, ana aproni yenye jina lake.

Mwenyekiti hapendi ugomvi. Akatugawia gari! Upande wa kushoto Kwamina, wa kulia mimi, boneti igawanywe kwa kamba katikati. Madereva wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Kwamina akaniambia, pole dada, umepewa upande wa mtaro.

Kwa kitambaa cha mkono simwezi. Lazima mashine ya kupigia polishi. Nimemsikia Kwamina akisema kwenye simu kesho saa tatu anakwenda kwa Mzee Mends, Kokompe, kuitazama ile kubwa.

Kesho saa moja mimi niko mlangoni kwa Mzee Mends. Nimelala mshindi!

Jumanne, 13 Mei

Saa moja nilikuwa pale. Mzee Mends alikuwa bado na mswaki mdomoni. Anauza mitumba ya vyuma, vitu vinavyoshushwa bandarini ndani ya makontena: feni, pasi, misumeno, mashine ambazo hata yeye hajui zinafanya nini.

Akaniwekea mbili mezani. Ya kwanza ndogo, ya mviringo, kama kobe. Ya pili kubwa, ndefu, ina mpini ubavuni, ya chuma, nyeusi.

Nikazichagua kama mtu anavyochagua kiazi kikuu sokoni. Nikazinyanyua. Nikazigonga. Nikazinusa. Ndogo haina uzito wa maana. Kubwa ni nzito kuliko Nhyira na chakula chake.

Mzee akanieleza. Hii ndogo, binti yangu, inazunguka huku inatikisika, ukikosea inakusamehe. Hii kubwa inazunguka tu. Haina huruma. Ukiisahau mahali pamoja inakula rangi mpaka bati, na ukiuliza rangi iko wapi haikujibu. Kwa anayeanza, chukua ndogo.

Akaiwasha ndogo. Ikasema vuuu, kama mbu mgonjwa. Akaiwasha kubwa. Loo! Meza ilihama. Kuku wa jirani walihama. Nhyira mgongoni akapiga makofi.

Hapo nikamwelewa mzee. Anamwekea Kwamina! Kwani mtu hukusifia kitu kidogo kwa nini, kama si kukificha kikubwa? Mimi si mtoto. Nikasema nachukua kubwa. Akanitazama. Akasema haya, anayelilia wembe hupewa. Tukakubaliana: nijaribu mpaka Jumamosi, nikiipenda nitamwoshea pikapu yake kila Jumatano mpaka mwaka uishe.

Natoka mlangoni, nani anaingia? Kwamina na aproni yake. Nikaikumbatia mashine kama mzazi mpya. Akaiona. Uso wake ukanyong'onyea kidogo, nikaufurahia sana. Akauliza kama ipo nyingine. Nikamwambia ipo ile ndogo, ya kusugulia nyayo za mabibi wa Ulaya. Akacheka, akaingia, na alipotoka alikuwa nayo mkononi.

Masikini Kwamina. Nilikaribia kumhurumia.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya mazoezi. Mama alikwenda sokoni na Nhyira, nikabaki na mashine.

Nilianza na sufuria ya kusongea banku, ugali wetu. Ajabu! Iling'aa mpaka nikajiona meno. Nikaendelea na mlango wa kabati. Vizuri pia, isipokuwa kitasa kilichoruka dirishani. Nikatafuta kitu cheupe chenye rangi, kinachofanana na gari. Ndipo nikaona beseni la Mama.

Beseni hili alipewa na marehemu baba mkwe siku ya ndoa. La bati, jeupe, limechorwa maua matatu na ndege wawili. Husafiri nalo. Huogea nalo peke yake. Nikasema nitaling'arisha kidogo tu, afurahi, asahau habari ya mfuko.

Sekunde kumi. Ndege waliruka. Maua yakawafuata.

Nikazima mashine. Kimya. Beseni limebaki jeupe pe, kama yai. Linang'aa, hilo siwezi kukataa.

Nimelifunika kifudifudi chini ya kitanda na juu yake nimeweka viatu vya Ato. Mama akiuliza nitasema sijui. Akiuliza tena nitasema panya.

Jambo moja zuri. Waliporudi Nhyira alikuwa analia, macho yamevimba, jino la tano hilo. Akakataa ziwa, akakataa wimbo. Nikawasha mashine. Akanyamaza! Akaegemea mgongo wangu, akalala kama mtu aliyelipwa mshahara. Nikaiacha ingurume nusu saa, nimesimama tu, nayumba huku na huku, nasikia pumzi yake shingoni. Nani kijijini atajua kwamba huyu analala kwa mngurumo? Watamwimbia nyimbo bure.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi umeme hakuna. Saa nne ukarudi. Saa nne na dakika tano ukaondoka. Saa sita ukarudi, nikavuta waya mrefu kutoka kwa fundi cherehani mpaka stendi, nikamwomba dereva mmoja boneti yake nijaribu.

Nilimimina polishi kama mtu anayemimina supu kwenye fufu. Ukarimu tu. Nikawasha.

Sikujua kwamba mashine inarusha. Ilirusha mbele, nyuma, juu. Ilirusha kwenye mandazi ya muuzaji. Ilirusha kwenye kanzu ya Alhaji aliyekuwa anasubiri teksi bila kosa lolote. Na shati jeupe la kwaya la Kwamina, lililoanikwa ng'ambo ya barabara, nalo likapata. Ng'ambo ya barabara! Hiyo ndiyo nguvu. Ile yake ndogo itafika wapi?

Kwamina akavuka. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nayo matatu tayari. Hakutukana. Akasema, Mama Nhyira, polishi weka matone manne, kama njegere nne. Ipake kwanza mashine ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Nimejifunza kwa mjomba wangu. Na sponji ubadilishe kila rangi inapobadilika.

Njegere nne kwa gari zima! Mtu anataka upande wangu ufe kiu. Nikamshukuru kwa adabu, nikaapa kufanya kinyume.

Nilipofika nyumbani beseni lilikuwa juu ya meza.

Mama alikuwa amesimama kando yake. Nilisubiri kelele. Kelele ningeziweza, mama yangu mzazi alinilea kwa kelele. Mama aliligeuza tu beseni, akapitisha kidole pale ndege walipokuwa. Nikasema panya. Mama akaketi kitandani akaanza kukunja nguo za Nhyira, moja moja, gauni la njano, gauni la kubatiziwa, soksi zisizofika kisigino, akazitia kwenye mfuko wake.

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni. Sisi tunapikia gesi.

Lazima nipate kile kibanda. Lazima.

Ijumaa, 16 Mei

Nimechoka mikono, naandika vibaya.

Teksi ya Papa Bentsil ililetwa saa mbili. Kama teksi zetu zote, madigadi manne ya rangi ya machungwa, na katikati rangi ya mwenyewe, nayo ni nyeupe. Rangi ya zamani, imepakwa kwa brashi, ikakauka na jua la miaka. Mwenyekiti akafunga kamba juu ya boneti kwa mikono yake, akatuambia tusivuke mpaka kama vile sisi ni nchi mbili.

Kwamina akaanza na mlango mweupe. Vuuu. Polepole, kama anayempaka mgonjwa mafuta. Mimi nikaanza na digadi la machungwa, kwa sababu ndilo lililopauka zaidi na watu waone tofauti mapema. Na waliona! Dakika tano likawaka kama papai bivu. Madereva wakapiga mluzi. Mmoja akasema, kumbe Mama Nhyira! Nilivimba kichwa, hata kilemba kilibana.

Sponji ikawa ya machungwa. Nikaona. Sikujali, nikasema ndiyo uchafu unaotoka. Kwamina akapaza sauti kutoka upande wake, dada, sponji! Badilisha sponji! Nikajibu asinipotezee muda. Nikaingia mlango mweupe.

Mwanzo ulipata wekundu kidogo, kama shavu la mtoto aliyelia. Nikasema huo ni mng'aro wenye joto. Nikakandamiza. Kadiri nilivyokandamiza ndivyo ulivyokolea. Nikasema nikieneza sawasawa haitaonekana. Nikaeneza. Mlango wa mbele. Mlango wa nyuma. Nusu ya boneti. Nhyira kalala mgongoni, mashine inanguruma, na mimi naeneza, naeneza, mpaka saa tisa upande wangu wote ulikuwa supu ya mawese.

Ndipo nikazunguka kuona upande wa Kwamina. Mweupe. Mweupe kama jino la tangazo. Unaweza kuchania nywele mbele yake.

Nikakaa kwenye ndoo.

Mpango wa kwanza: nilimpelekea Kwamina sponji yangu kwa roho safi, nikamwambia apitishe na upande wake, tufanane, tuwe wamoja mbele ya msiba. Akaangalia sponji. Akaniangalia mimi. Akasema pole sana dada, na alisema kwa huruma kabisa, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma.

Mpango wa pili: nimewaomba madereva wanisaidie kulisukuma gari mpaka upande wangu ukabane na ukuta. Sentimita tano. Hata mjusi hapiti. Nimewaambia ni kwa sababu ya umande.

Nyumbani Mama ameuliza kazi imekwendaje. Nimesema vizuri sana. Mfuko uko mlangoni, umejaa, umefungwa fundo.

Jumamosi, 17 Mei

Magari hayawezi kwenda kuzika yakiwa yamebanwa ukutani. Sikufikiria hilo.

Stendi ilijaa tangu alfajiri. Watu wa msiba na nguo zao nyeusi na nyekundu, teksi ishirini na mbili zimefungwa vitambaa vyekundu, bendi ya matarumbeta. Mama naye alikuja, hakumjua marehemu lakini Mama hakosi mazishi mazuri. Nhyira kwenye mgongo wake. Wakalisukuma gari mbele.

Bendi ilinyamaza. Tarumbeta moja likamalizia peke yake, kama mbuzi.

Mwenyekiti akazunguka gari. Upande wa kushoto, akatikisa kichwa kwa furaha. Upande wa kulia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza mbele ya watu wote mimi ni kipofu au ni adui wa marehemu. Eti nimemharibia Papa Bentsil safari yake ya mwisho. Eti nirudi kusugua masufuria. Na binti mkubwa wa marehemu amesimama pale, mkono mdomoni.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari, wa jua na wa panya. Hakuna uliotoka. Nilimtazama Nhyira tu, mgongoni kwa Mama, ananipungia mkono, anadhani ni sherehe. Nikajua ndivyo atakavyonipungia kesho.

Mara nikasikia sauti. Ya upole. Ile ile ya kumenyea kenkey.

Mama akamuuliza Mwenyekiti yeye alilelewa wapi. Mwenyekiti akasema hapa hapa. Mama akasema ajabu. Akasema, Jumamosi tunavaa nini tukimzika mtu? Watu wakajibu nyekundu na nyeusi. Na Jumapili, tukienda kanisani kushukuru kwa maisha yake? Nyeupe, watu wakajibu. Mama akaweka kiganja juu ya mlango wangu wa mawese. Akasema basi huu ni Jumamosi. Akazunguka, akaweka kiganja upande wa Kwamina. Na huu ni Jumapili. Mzee wa miaka themanini na nane, mnataka apelekwe na Jumapili peke yake, kama mtu asiyeliliwa?

Mwenyekiti akasema hii si nyekundu, Mama, hii ni machungwa. Mama akamuuliza nguo ya msiba ya bibi yake, iliyovaliwa mazishi mia na kufuliwa mara mia, ilikuwa rangi gani mwishoni. Watu wakacheka. Mwenyekiti akafikiri. Naye alimkumbuka bibi yake, nilimwona usoni!

Hapo binti wa marehemu akalia. Kilio kikubwa, kizuri, cha kuheshimika. Akalikumbatia gari upande wangu, nguo yake nyeusi ikatoka na alama ya machungwa, hakujali. Akasema wamempa baba yangu mazishi mazima juu ya gari moja. Bendi ikapiga. Tukaenda. Barabara nzima watu wanasimama upande huu, wanakimbilia upande ule, kuona Jumamosi na Jumapili.

Baada ya kuzika Mwenyekiti akatuita mimi na Kwamina. Akasema yeye haelewi kilichotokea ila familia imeridhika na gari zote mbili, maana kwake ni gari mbili. Kibanda ni chetu wote. Akachukua ile kamba ya boneti akaivuta sakafuni katikati ya kibanda, ukuta hadi ukuta. Kulia mimi, kushoto Kwamina, bomba mpakani.

Njiani nikamshukuru Mama. Niliomba radhi ya beseni, kwa kweli safari hii, bila panya. Akasema ndege wale hata hivyo walikuwa wanafanana na bata. Halafu akasema mtu anayeweza kufanya vile kwa mlango wa gari hawezi kuachwa peke yake na mtoto wala bila mtoto. Amefungua mfuko. Nguo za Nhyira zimerudi kwenye kabati lisilo na kitasa. Mama haendi Shama. Anakaa nasi mpaka nipate akili, na amekadiria miaka kumi.

Chumba ni kimoja. Anakoroma. Nimefurahi mpaka nimelia kwenye mto.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani wote tulivaa nyeupe. Mama na mimi na Nhyira tumeketi benchi moja na familia ya marehemu, kama wakubwa.

Nimetafakari sana wakati wa mahubiri, na nimepata funzo. Funzo ni kwamba nilichagua mashine sawasawa. Ndogo ingeweza kufanya vile? Wapi! Ingetikisika tu. Mzee Mends hajui mashine zake mwenyewe. Nimemwambia naichukua moja kwa moja, na nimemuuliza kama ana kubwa zaidi. Anayo. Ya kung'arishia sakafu za hospitali. Inashikwa na watu wawili. Nimemwambia asimwonyeshe Kwamina.

Maana nusu ya kibanda ni nusu tu. Nhyira anatambaa, leo amevuka kamba mara tatu, Kwamina anamrudisha akimpa biskuti, mjanja yule. Na mimi nina mpango. Mwalimu wa kwaya ana gari la buluu, harusi ya bintiye ni wiki ijayo, rangi za harusi ni buluu na dhahabu. Akiona lake, kila mwenye harusi mjini atakuja upande wangu, na Mwenyekiti mwenyewe ataikata kamba. Nimemwambia mwalimu aliache tu hapo nje ya kibanda leo baada ya ibada, nijaribu kona moja ndogo, haitachukua dakika mbili. Ameliacha, na nimeshalimiminia polishi ya kutosha. Sponji mpya sina, lakini hii ya Papa Bentsil nimeifua, na kwa kweli machungwa ikikutana na buluu, ukitazama kwa mbali, tena ukikunja jicho moja, si inakaribia kabisa kuwa dha

Mama ananiita kutoka nje. Anaita jina langu lote, na la baba yangu, na anauliza nani amemwachia Nhyira ile mashine, kando ya gari la mwalimu, ikiwa imewa